Vichwa vya Shaba vya Bi Nadine

Filimbi ya Delbert Crouse ilikuwa bado inalia tulipoachana wiki jana. Bi Nadine Teeter hajasogea, msomaji. Yuko palepale kwenye mstari wa kulengea, bastola mkononi, macho yameganda kwenye karatasi ya shabaha.

Tundu moja lilikuwa refu, kama tundu la ufunguo.

Wageni walidhani mama wa watu kakosa shabaha. Hakukosa. Risasi ilifika karatasini imelala ubavu, na risasi hailali ubavu hivihivi. Kuna kitu kilikuwa kimeharibika kabla haijatoka nyumbani.

"Wekeni chini! Wote!" Delbert alifoka. "Nadine, usivute tena hata mara moja. Iweke mezani, dada yangu. Polepole."

Aliiweka. Watu wakavua vikinga masikio, na bonde lote la Tebbs likanyamaza, hata ukasikia maharage ya nyama yakitokota kwenye sufuria ya klabu.

Delbert ndiye msimamizi wa uwanja kila Jumamosi. Siku nyingine huuza bunduki dukani kwake, njia panda. Ni mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa, lakini si mtu mbaya, na hilo tusimwonee. Aliitazama ile karatasi, akaikuna kwa ukucha, akageuka.

"Hizi risasi kajaza nani?"

Pale klabuni, kuuliza hivyo ni kumvua mtu nguo. Kila mmoja hujaza zake. Maganda yaliyokwisha kulia huokotwa, hutiwa viwashio vipya na baruti mpya, kisha kichwa kipya, kile kinachoruka, hukaa juu na mdomo wa ganda hubanwa. Na kila mtu hujivunia mkono wake kama mpishi wa harusi. Lakini mkono wa Orval Teeter, mume wa Nadine, ulikuwa haujaulizwa na mtu tangu enzi za baba yake Delbert.

"Nimejaza mimi," Orval alijibu kutoka kwenye benchi, kofia imekaa upande, kikombe cha kahawa gotini. "Ulidhani nani, Delbert? Bibi yako?"

Watu waliangua kicheko. Delbert hakucheka.

"Mzee wangu, hili si tundu la kuchekea. Ama vichwa ni vibovu, ama aliyejaza kakosea. Na kama ni aliyejaza, sheria ya uwanja mnaijua wote. Hajazi tena. Halengi na risasi yake hapa, wala hampi mtu mwingine."

Nadine alimtazama mumewe.

Walichokijua watu wa klabu ni kidogo. Walijua Orval siku hizi husahau majina. Hawakujua kwamba majira ya baridi yaliyopita alipotea njia akitoka kanisani, njia aliyoipita maisha yake yote, na Nadine akamkuta ameegesha pikapu kando ya shamba la mtu, analia. Hawakujua daktari alikwisha kuutaja ugonjwa kwa jina lake.

Ila kwenye meza yake ya kujazia, bandani nyuma ya nyumba, Orval alikuwa bado Orval. Mikono ilijua njia ambayo akili iliisahau. Akikaa pale alipiga mluzi, alitania, alimwita mkewe kwa majina ya uchumba wao. Akitoka pale, alikuwa mzee aliyeuliza swali lilelile mara kwa mara.

"Siku utakayoninyang'anya ile meza, mama," alimwambia mkewe, "uje na jeneza kabisa."

Nadine alikuwa amefanya mapatano na moyo wake mwenyewe. Mkono wa Orval usipokosea, ufunguo wa banda ni wake. Ukikosea mara moja tu, basi.

Sasa tundu lile hapo, na watu wanangoja.

"Ni vichwa," Nadine alisema.

Sauti ilitoka kabla hajaiamuru. Delbert akamkodolea macho.

"Vichwa?"

"Vichwa vyenyewe ni vibovu. Nilinunua mimi. Nimepunjwa."

"Wewe?" Delbert alishika kiuno. "Wewe upunjwe? Wewe uliyenirudishia mfuko mzima kwa sababu ya kipele kimoja kwenye shaba?"

"Mimi. Naona nimezeeka."

Wale waliomjua walitazamana. Maana kama Orval alikuwa mkono, Nadine alikuwa jicho. Ni kazi aliyoibuni kwa mapenzi. Zamani Orval alikuwa akiyeyusha madini ya risasi mwenyewe, anamimina vichwa vyake kwenye kalibu, banda zima limejaa moshi. Halafu daktari akakuta madini yale kwenye damu yake. Nadine hakubishana na mtu. Aliibeba sufuria ya kuyeyushia, akaitupa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kuanzia siku hiyo vichwa vikawa kazi yake.

Alichagua vya kuvikwa shaba. Ndani ni madini yaleyale laini, nje ni ngozi nyembamba ya shaba, kiasi cha ganda la kitunguu, inayotosha kumfanya mtu asishike sumu kwa vidole. Vyenye koti nene la shaba vilikuwa ghali mno kwa watu wanaolenga kila wiki. Akajifunza kuvipima, kuviviringisha, kuvisugua, hadi wauzaji wa kaunti nzima wakamwogopa. Watu walimtania kwamba anaweza kuona kosa kwenye kichwa cha risasi kikiwa bado kwenye kifurushi cha posta.

Na leo, mbele ya watu walewale, alikuwa analitia moto jina lake mwenyewe.

"Ulinunua wapi?" Delbert hakuachia.

"Kwenye maonyesho ya bunduki, Springfield. Meza ya mtu nisiyemjua. Vitu vimeadimika, Delbert, unajua mwenyewe. Dukani kwako rafu zimebaki na vumbi."

"Si nilikwambia usubiri mzigo wangu!"

"Nimesubiri tangu mahindi yakiwa machanga. Yamevunwa, yameliwa."

Wengine walicheka. Delbert alipandwa na damu usoni, maana mzigo ule ulikuwa umemtia aibu kwa kila mteja.

"Haya. Nenda nyumbani ukavilete vilivyobaki mfukoni. Nitavipima hapa, mbele ya kila mtu. Kama ni vibovu, huyo mwizi wa Springfield nitamtafuta mimi mwenyewe. Na kama si vibovu..."

Hakumalizia. Alimtupia Orval jicho, akaangalia chini.

Nadine alikusanya risasi zilizobaki kwenye sanduku lake, akazitia kwenye mfuko wa koti. Akainama kumchukulia mumewe funguo za pikapu. Orval alimshika mkono na kumnong'oneza.

"Mama, wanasema vichwa gani vya shaba? Hivi si vile nilivyomimina mimi?"

Nadine alimwangalia usoni.

Macho ya Orval yalikuwa safi, ya bluu, hayana hila. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Kula maharage yako, baba," Nadine alisema. "Na mkate wa mahindi upo. Nakwenda na kurudi."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Usikasirike. Tutawaonyesha."

Alimwacha hapo, kikombe gotini, mfuko wake wa turubai umesimama miguuni. Ukumbuke ule mfuko, msomaji. Nadine mwenyewe aliusahau.

*

Njia nzima alikuwa akiomba dua ambayo sijawahi kuisikia kwa mteja mwingine yeyote. Alimwomba Mungu iwe kweli ameibiwa.

"Niwe nimepunjwa, Baba. Niwe mjinga. Wanicheke hadi kaburini, lakini viwe vibovu."

Kama vichwa ni vibovu, mkono wa mumewe u mzima, na ufunguo unabaki kwake. Kama ni vizuri...

Alikata kona kwa kasi. Simu iliyokuwa kwenye dashibodi ilianza kushika mtandao alipopanda mlima na kulitoka bonde. Ilimwonyesha ujumbe wa binti yao, Rhonda: "Mama nimesahau kuwaambia ahsante. Mwambie Baba nampenda." Nadine aliusoma harakaharaka. Alidhani ni ile sinia ya keki. Rhonda alikuwa amepita asubuhi kuiazima, kwani kesho yake ilikuwa siku yake ya kuzaliwa na alitaka kujiokea mwenyewe. Nadine aliitupa simu kitini.

Bandani, mfuko wa vichwa ulikuwa mezani, umefungwa kwa kamba. Alimwaga kiasi kwenye kitambaa cheupe, akavaa miwani.

Akaanza kutafuta kosa kwa uchu wa mtu anayetafuta pete iliyopotea.

Alitafuta vipele kwenye shaba. Havikuwepo. Alivisugua kwa kitambaa kikavu aone kama shaba itabanduka. Haikubanduka. Aliviviringisha juu ya kioo, kimoja kimoja, aone chenye kuyumba. Vilikwenda sawa kama watoto wa shule mstarini. Alivibana kwenye kipimo, unene ukawa uleule. Aliviweka kwenye mizani, na sindano haikumpa hata tofauti ya kujifariji.

"Haiwezekani," alisema peke yake. "Lazima kimoja."

Alimwaga vingine. Vyote vilimng'aria.

Yule mtu wa Springfield, mwenye meza asiyejulikana na mtu, alikuwa amemuuzia vichwa vizuri kuliko vyote alivyowahi kununua maishani mwake.

Nadine alikaa kwenye kiti cha mumewe. Alitaka kulia, akajizuia, kwa kuwa kulikuwa na kazi bado. Alitoa kwenye koti lake zile risasi zilizojazwa. Akachukua ile nyundo yenye tumbo la wazi inayotumika kung'olea kichwa, akapachika risasi ndani, akapiga kwenye gogo.

Kichwa kikachomoka. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Kiunoni mwa kichwa kulikuwa na alama kama pete, na pale kwenye pete shaba ilikuwa imekatika kabisa, madini ya kijivu yanachungulia.

Hapo hakuhitaji mtu wa kumweleza. Vichwa vitupu, vile vya kumimina nyumbani, vina mfereji kiunoni, na mdomo wa ganda hubanwa kwa nguvu uingie mle mferejini. Vya kuvikwa shaba havina mfereji. Ukivibana vile, ngozi inachanika, na kichwa kikitoka kwenye mtutu kinayumba na kulala ubavu. Orval ndiye aliyemfundisha hayo. "Hivi unavigusa tu, mama," alimwambia siku ya kwanza. "Unavigusa kama shavu la mtoto aliyelala."

Na sasa alikuwa amevibana kama zamani. Hakukosea kwa uzembe. Alikuwa amekaa kwenye meza hii akiwa anaishi mwaka mwingine, mwaka wa moshi na kalibu, na mikono yake mizuri ikafuata njia iliyoijua. Ile mikono ambayo Nadine aliitegemea ndiyo iliyomsaliti.

"Ah, Orval," alisema. "Ah, mume wangu."

Aling'oa nyingine. Pete. Nyingine tena. Pete.

Halafu akang'oa moja zaidi, na mkono wake ukasita.

Baruti ilimwagika kwenye kisahani, ikaendelea kumwagika.

Aliipima. Akaipima tena, kwa sababu hakutaka kuamini. Ilikuwa mara mbili ya inayotakiwa. Ganda la bastola ile ni refu, lina nafasi, na ukilitilia baruti ukasahau ukatilia tena, kwa nje halikwambii kitu. Risasi inakuwa nzuri, inang'aa, inapendeza. Ukiivuta inapasua bastola, na vidole, na pengine jicho.

Ile ilikuwa imetoka kwenye sanduku lake yeye. Pengine ndiyo iliyokuwa inafuata zamu filimbi ilipolia.

Nadine aliweka uso kwenye kitambaa cheupe, kati ya vile vichwa vizuri, akalia. Alimlilia Orval, akajililia na yeye, akaililia na ile meza. Mapatano yalikuwa yamevunjika. Angerudi klabuni aseme ukweli, jioni angefunga banda, na kuanzia kesho angeishi na mgeni mpole asiyepiga mluzi.

Ndipo alipoukumbuka mfuko wa turubai.

Ndani yake mlikuwa na sanduku la pili. La Orval.

*

Bondeni simu haishiki, kila mtu anajua. Alipiga hivyohivyo huku akiendesha. Alimpigia Delbert, hakumpata. Akapiga duka la Delbert, akajibiwa na mashine. Pikapu ilirukaruka kwenye changarawe hadi kofia ya ziada ya Orval ikaanguka kutoka kitini.

"Atakuwa anakula," alijiambia. "Yuko kwenye benchi. Anakula maharage."

Kumbe wapi!

Alipokata kona ya mwisho alisikia bastola. Mlio mmoja, kituo, mlio mwingine. Bila haraka. Mtu anayelenga hivyo anajiamini.

Ilikuwaje? Ilikuwa hivi. Nadine alipoondoka, watu walianza kutania. Mmoja akasema Nadine kaingiwa na mtoto wa jicho. Mwingine akasema Springfield wataimba wimbo wake. Yalikuwa maneno ya kupitisha muda tu. Lakini Orval aliweka kikombe chini, akasimama.

"Mke wangu hajawahi kupunjwa," alisema. "Hata siku moja. Delbert, nipe nafasi mstarini."

"Kaa, mzee, tusubiri vichwa."

"Za kwangu hizi ni za mfuko wa zamani. Mfuko wa dukani kwako. Au na wewe ulituuzia takataka?"

Delbert alikuwa na udhaifu mmoja, duka lake. Mbele ya wateja wake wote, angesemaje? Alisema sawa.

Nadine aliruka kutoka garini bila kuzima injini.

"Orval! Delbert! Msimamisheni!"

Wote walikuwa wamevaa vikinga masikio. Migongo iliyojipanga mstari haikugeuka hata mmoja. Mbele yao, peke yake, alisimama Orval, miguu imejipanga vizuri, bega limetulia, mzuri kama siku aliyomposa. Alikuwa anainua bastola.

Pale uwanjani kuna jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Humgusi mtu mwenye silaha mkononi. Nadine alipenya katikati ya watu, akasukuma tumbo la Delbert, akafika nyuma ya mumewe na kumshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyote.

Bastola haikulia.

Orval aligeuza uso. Alipomwona ni nani, alitabasamu. Akateremsha mtutu chini, akafungua silinda, akaiweka mezani kama inavyopasa. Adabu ile ilikuwa imemkaa hata sasa.

"Umerudi haraka," alisema, akivua vikinga masikio. "Nilikuwa nawaonyesha."

Kule mbele, karatasi yake ilikuwa na matundu marefu tupu. Alikuwa hayaoni, au anayaona na hayajui. Delbert, aliyekuwa nyuma ya mgongo wake, alikuwa bado hajayaona.

"Umeingia mstarini, Nadine!" Delbert alipiga kelele. "Una wazimu? Ningeweza kukufukuza klabu maisha!"

"Nifukuze. Lakini usimpe risasi nyingine."

"Vichwa vyako viko wapi?"

"Nyumbani. Ni vizuri." Alipumua. "Nimedanganya, Delbert. Vichwa ni vizuri kuliko vyote nilivyowahi kununua."

Hakuna aliyekuwa na utani tena. Delbert aliokota risasi moja kutoka kwenye sanduku la Orval, akaigeuza kwenye vidole, akauona mdomo ulivyobanwa. Uso wake wote ukalegea.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Mzee Orval."

"Kuna nini?" Orval alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mama, kuna nini? Nani kajaza hizi?"

Nadine aliuona mlango ukiwa wazi. Alikuwa anaweza kusema, "Mimi." Neno moja. Watu wangemlaani yeye, Orval angemsamehe papo hapo, na banda lingebaki kama lilivyo. Alikuwa mwepesi wa kubeba lawama, na mara ya kwanza alipoibeba leo, mumewe alikuwa amesimama kwenda kumtetea na bastola iliyokaribia kumpasukia usoni.

Alimshika mikono yote miwili.

"Ni wewe, Orval."

"Mimi?"

"Umevibana kama vile vya zamani. Shaba imekatika. Na kuna moja..." Alimkaza vidole. "Nimefungua moja ina baruti mara mbili, baba. Ilikuwa kwenye sanduku langu."

Orval hakubisha. Laiti angebisha! Aliitazama mikono yake ndani ya mikono ya mkewe, kama mtu anayewatazama ndugu walioiba.

"Kwenye sanduku lako," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeivuta."

"Sikuivuta. Niko hapa."

"Umewahi kunidanganya, Nadine?"

"Leo. Hiyo ya vichwa tu."

"Basi hili ni kweli."

"Ni kweli, mume wangu."

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda, ule wenye uzi wa ngozi. Hakumpa. Aliuweka mezani kando ya bastola, akausogeza kidogo kwa kidole.

"Walikuwa wanakucheka," alisema. "Nilitaka tu wajue hukupunjwa."

Delbert Crouse, mtu mzima na tumbo lake, aligeuka akajifanya anakagua bendera ya uwanja. Nadine alimkumbatia mumewe mbele ya klabu nzima, jambo wasilozoea kulifanya hata kwenye harusi. Moyo wake ulikuwa umevunjika vipande, na bado alishukuru. Alikuwa mzima, na Orval alikuwa mzima, vidole vyao vyote vilikuwepo. Alidhani msiba wa siku hiyo umekwisha.

"Nitazifungua zote," alimwambia sikioni. "Nitazifungua moja moja, hutakuwa na wasiwasi. Zipo hizi na zilizo mezani tu, siyo?"

"Na za Rhonda."

Nadine aliinua uso.

"Za Rhonda ulikuwa hujazijaza. Ulisema utazijaza jioni hii."

"Aa, nilikwisha kuzijaza." Orval alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye mstari, uso wake ukachangamka. Kila mwaka, tangu binti yao alipokuwa na umri wa kushika bastola, zawadi yake ya kuzaliwa ilikuwa sanduku la risasi alizojaza baba yake, limefungwa utepe. Hakuna zawadi aliyoipenda zaidi. Siku hiyohiyo, akishamaliza kazi za asubuhi, huenda nyuma ya ghala na kuzijaribia kwenye kisiki cha mjozi. "Nilimpa asubuhi, alipokuja kuchukua sinia. Nikamfungia kwa utepe mwekundu. Alinibusu hapa."

"Ulimpa leo?"

"Leo si siku yake?"

Ujumbe wa kwenye simu ulimrudia Nadine neno kwa neno. *Nimesahau kuwaambia ahsante.*

"Ni kesho, Orval," alisema. "Siku yake ni kesho."

Orval alimtazama. Safari hii alielewa kila kitu, mapema kuliko wote waliokuwa pale.

Delbert alikwisha kutoa simu, akaiinua juu, akaizungusha, akaitukana. Akaanza kukimbilia garini, tumbo likimtangulia, akipiga yowe watu wasogeze magari yao njiani. Nyumba ya Rhonda iko nyuma tu ya kilima cha uwanja. Kwa ndege ni karibu. Kwa barabara unazunguka bonde lote.

Injini ya pikapu ya Nadine ilikuwa bado inanguruma kule ilikoachwa. Alimvuta mumewe mkono wakimbie.

Hawakuwa wamepiga hata hatua ya pili mlio wa kwanza ulipotoka ng'ambo ya kilima, mkavu, safi, wa kawaida kabisa.

Orval akasimama, akamkaza mkewe mkono, na wote wawili wakabaki wanasikilizia mlio wa pili.